Miaka ya Adèle

Jina ambalo Hélène aliitwa kazini halikuwa lake, na ofisini hapakuwa na mtu asiyejua. Kwa miaka ishirini na miwili aliitikia “Mama Adèle” tangu asubuhi hadi saa ya kufunga, kisha akarudi nyumbani Mangobo akawa Hélène tena. Adèle alikuwa dada yake mkubwa, na Adèle alikuwa kaburini. Alikufa mwishoni mwa vita, wakati Kisangani ilipokuwa imekatwa na Kinshasa, mto umefungwa, na habari ya kifo cha karani mmoja haikuwa na njia ya kufika makao makuu hata kama kuna mtu angetaka ifike.

Usimhukumu haraka. Kuna desturi kule, na desturi hiyo haikuzaliwa na wezi, ilizaliwa na njaa. Mtumishi wa Leta akifa, kiti chake kinarithiwa. Leta ndilo jina ambalo watu wameipa serikali, nao wanalitaja kama jina la mtu, tena mtu wa ukoo: Leta amelala, Leta ameahidi, Leta ana deni letu. Basi marehemu akishazikwa, mkubwa wa ofisi huiuliza familia: nani atakuja kukaa? Akija mtoto au mdogo wa marehemu, anakalia kile kiti na kufanya ile kazi, na jina la marehemu linaendelea kuishi Kinshasa kwenye mashine za malipo, linapokea mshahara, linalisha yatima wake. Kufuta jina ni kazi ya dakika moja. Kuingiza jina jipya ni jambo ambalo mtu anaweza kulingojea mpaka naye azikwe. Kwa hiyo hakuna anayefuta.

Adèle aliacha mtoto mmoja, Patricia, ambaye hata kufunga kamba za viatu alikuwa hajajua. Pale kilioni, Papa Assumani, mtu wa Kindu mwenye sauti ya taratibu, wakati ule akiwa naibu wa mkubwa, alimvuta Hélène kando.

“Sura yenu iko moja na dada yako,” alimwambia. “Kuya lundi. Usiulize mutu kitu, ikala tu.”

Jumatatu akaenda, akakaa. Alikuwa kijana bado, hana mtoto wa kumzaa, na huyo wa dada yake alikuwa amemshika kitenge.

Ofisi yenyewe ilikuwa Ofisi ya Mashua na Mitumbwi, vyumba vitatu karibu na mto. Kila asubuhi, kabla zile mashua kubwa za mbao wanazoziita baleinière hazijaondoka kwenda Yanonge na Isangi, mtu wa ofisi hushuka ufukweni na fimbo yenye alama nyekundu kupima maji yamefika wapi ubavuni. Maji yakipita alama, mzigo unashushwa. Wenye mashua hawapendi. Hélène alitukanwa kwa Kiswahili, kwa Lingala, kwa Kilokele na kwa Kifaransa cha kuokota. Alisukumwa matopeni. Alipewa samaki wa hongo, na mara nyingine aliwapokea, maana mshahara ulikuwa umechelewa na Patricia alikuwa na njaa. Malaika hakuwa. Lakini kazi aliifanya yeye, kwa miguu yake na kwa homa zake. Adèle, Mungu amrehemu, aliifanya miaka kumi na minne tu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alikaa kivulini akipiga chapa.

Sasa, miaka mitatu iliyopita, akaja Franck. Alikuja na suruali iliyonyooshwa hadi ukaogopa kuigusa, na tonton, yaani mjomba, Kinshasa ambaye hakuna aliyewahi kumwona lakini kila mtu alimsikia. Hélène ndiye aliyemfundisha kushika fimbo, ndiye aliyemwonyesha mwenye mashua gani anapiga kelele tu na yupi anapiga kweli. Franck hakuwa kijana mbaya. Laiti angekuwa mbaya, hadithi hii ingekuwa nyepesi kuisimulia.

Siku moja mchana walikuwa wakila lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki wa kuchoma, Franck akaanza kulalamika. Mshahara hautoshi, mwenye nyumba amepandisha kodi, na akataja anachopata. Kiasi chenyewe sikitaji. Mishahara ya Leta ukiitaja hadharani inaona haya. Itoshe kusema kwamba kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha Hélène, kwa fimbo ile ile, ufuko ule ule na matusi yale yale.

“Unasema unapataka ngapi?” Hélène akauliza.

Franck akarudia. Halafu akaona uso wake.

“Maman, nilizani munajua. Miye niliingia na grade ya chef de bureau. Kinshasa njo balinipanga vile.”

“Chef de bureau? Mukubwa wa ofisi gani? Tuko batu sita kwa meza mbili!”

“Haiko kosa yangu, Maman.”

“Najua, mwana. Kula.”

Yeye mwenyewe hakula tena. Aliona wivu, akaona haya ya kumwonea wivu mtoto aliyemfundisha, na chini ya vyote viwili kulikuwa na hasira ambayo haikuwa ya siku ile. Miaka yote hiyo alikuwa amejiambia kwamba Leta ni maskini, na kwamba maskini mwenzio hadaiwi sana. Kumbe Leta alikuwa nacho. Alikuwa anajua tu wa kumpa.

Tangu siku hiyo alitaka jambo moja, akalitaka kama mtu anavyotaka maji. Alitaka miaka yake ihesabiwe. Apewe cheo kinacholingana nayo, na malipo ya cheo hicho, hata kwa muda mfupi, kabla magoti hayajamkataza kushuka ufukweni.

Na kama shetani alivyo na adabu ya kufika kwa wakati, hazikupita wiki nyingi redio ikatangaza kwamba tume inakuja kutoka Kinshasa kusikiliza malalamiko ya watumishi wa mkoa juu ya vyeo, ukubwa kazini na usawa wa malipo. Sylvain, mjumbe wa sendika, chama cha wafanyakazi, pale ofisini, mtu anayependa maneno kuliko chakula, alizunguka akipiga makofi.

“À travail égal, salaire égal! Kazi sawa, mushahara sawa! Iko mu Constitution! Sasa bataona!”

Kila ofisi ina mpango wake. Pale, mkuu ndiye anayeamuru, lakini mwenye miaka mingi ndiye anayelalamika kwa niaba ya wenzake. Na kwa jina, mwenye miaka mingi alikuwa Mama Adèle. Sylvain akamwandikisha wa kwanza, yeye wa pili, na wengine wakafuata nyuma. Ukipanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Lakini siku ya kupanda, mti wote ni maua.

Papa Assumani, ambaye sasa ndiye alikuwa mkuu, alimwita chumbani mwake. Alifunga mlango na kukaa akichezea tasbihi.

“Adèle,” akasema. Hata wakiwa wawili tu hakuwahi kukosea jina hilo ndani ya ofisi. “Mambo ya kuhesabu miaka, acha Sylvain aongee.”

“Sylvain iko na miaka tisa, Papa.”

“Njo muzuri. Miaka tisa haina kitu ndani. Ya weye iko na mutu ndani.”

“Papa, ni nani alifanya ile kazi?”

“Weye.”

“Basi niache.”

Nyumbani Patricia hakuwa laini kama mzee wa Kindu. Alikuwa amekua, amemaliza chuo, anafundisha katika shule moja ya mtaa ambako Leta alikuwa bado hajamtambua, kwa hiyo analipwa na wazazi wa watoto, wakilipa. Alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, uani, akausimamisha mchi.

“Mama mudogo, unataka bahesabu miaka. Miaka ya nani?”

“Yangu.”

“Bataona ya mama.”

“Ni sawasawa! Mama yako alitumika miaka kumi na ine, miye ishirini na mbili. Bayiweke pamoja, bayilipe pamoja. Nani atachukia? Yeye? Iko analala.”

“Miye naogopa, basi.”

“Ulikula ile woga tangu utoto wako, na haukukufa,” Hélène akamjibu, na mara akajuta, maana Patricia aliinama akaanza kutwanga tena. Alitaka kumwomba msamaha. Hakumwomba, alikuwa amelewa matumaini, na mlevi haombi radhi mpaka kesho yake.

Jambo ambalo hakulifikiria hata mara moja ni kustaafu. Nani angelifikiria? Ofisini pale hakuna aliyekumbuka mtu kupewa barua ya kupumzika. Leta hapendi kustaafisha, kwa sababu mstaafu anadai. Watu walifanya kazi mpaka wakaanguka, na wakishaanguka kiti kikarithiwa. Papa Assumani mwenyewe alikwisha kuipita sabini na bado mkono wake ulikuwa ukitia sahihi. Hélène alijua umri wake mwenyewe, hamsini na tano, na akadhani huo ndio umri uliokuwa unakwenda mbele ya tume.

Tume ilikaa katika ukumbi mmoja wa parokia, na mwenyekiti wake akawa Bwana Arthur, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Kinshasa, mtu wa tai na miwani na adabu nyingi. Hakumkatiza mtu. Alipofika Hélène mbele, aliinuka kidogo kwenye kiti chake kumheshimu, na jambo dogo hilo lilimgusa mwanamke yule.

Alisema vizuri. Wote waliokuwapo wanakubali hivyo mpaka leo. Hakumtukana Franck, aliyekuwa ameketi nyuma akitazama viatu vyake. Alieleza fimbo na mto na mashua zilizojaa kupita kiasi, alieleza jinsi mvua ya Kisangani inavyokunyeshea ukiwa unabishana na mwenye mashua, akaeleza kwamba anayefundishwa anapata zaidi ya anayefundisha.

“Siombe zawadi, Papa Président,” akamaliza. “Naomba bahesabu miaka yangu. Ni ile tu. Bayihesabu, banipe yenye inatoka.”

Wakapiga makofi. Sylvain alisimama kabisa. Hélène alirudi kukaa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya dada yake alijisikia kwamba si mwizi. Alijisikia mfanyakazi. Nasema hili wazi ili ujue alichokuwa nacho mkononi wakati alipopokonywa.

Bwana Arthur alikuwa mchapakazi, na huo ndio ulikuwa msiba. Watu wa tume nyingine hupokea malalamiko, hula, huondoka na ndege. Yeye aliamua kuanzia siku ile ile kuchunguza mafaili ya walalamikaji, na ya walalamikaji peke yao, mmoja mmoja, mkubwa kwanza. Akaita jina la Adèle. Hélène akainuka.

“Mama, félicitations,” akampongeza Bwana Arthur, akitabasamu kweli. “Muko na haki. Muliingia kazi zamani kuliko bote hapa. Ancienneté, miaka yenu ya kazi, ni makumi tatu na sita! Ilifaa muwe chef de bureau tangu muda murefu. Tume inakubali.”

Ukumbi ukalipuka. Mtu akapiga kigelegele. Hélène aliweka mkono kifuani, na machozi yalikuwa njiani, wakati Bwana Arthur alipoinua kidole kuomba kimya.

“Na tena naona muko na miaka sitini na munane. Mungu iliwapenda, hamuzeeke hata kidogo!” Watu wakacheka, wale wa ofisi nyingine. Wa ofisi yake hawakucheka. “Bon. Kwa sheria, mulipashwa kupumuzika tangu miaka tatu. Leta iliwasahau, na kwa jina yake naomba pardon. Donc, tunawapa grade, na tunawatuma retraite, papo kwa papo. Muende mupumuzike, Mama. Mulitumika sana.”

Hapo ndipo alipoelewa. Marehemu wa kawaida hubaki na umri aliofia. Marehemu wa Leta huzeeka. Miaka yote hiyo Adèle alikuwa akikua kule Kinshasa, akiongeza umri kila Januari, na Hélène alikuwa akiingoja miaka ile kama mtu anayengoja mavuno, bila kukumbuka kwamba miaka ikiiva mwenye shamba ni mwingine.

“Hapana,” akasema. “Papa Président, hapana. Miye siko…”

Kiti kilianguka nyuma yake. Papa Assumani alikuwa amesimama kwa haraka ambayo mtu wa umri wake hapaswi kuwa nayo, na tayari alikuwa amemshika mkono.

“Mama iko na malaria tangu juzi,” akaiambia tume. “Furaha imemupita nguvu. Mutuache kidogo.”

Akamtoa nje hadi ukutani, mahali palipokuwa na kivuli, akamwachia. Mzee alikuwa anahema.

“Sasa sema,” akamwambia. “Sitakushika tena. Rudia mule ndani, useme uko Hélène. Bataniita miye wa kwanza, ni miye nilikuleta. Nitaenda kufia prison, haizuru, nilikula chumvi ya kutosha. Kiisha bataita weye: faux et usage de faux, kutumia jina ya uongo, na urudishe mishahara ya miaka yote. Kiisha bataita Patricia, bamuulize ni nani alimusomesha na feza ya mufu.”

“Na weye, Papa? Weye unapita miaka sabini. Sababu gani hawakukuita?”

“Sababu miye sikulalamika.”

Alilisema neno hilo kwa huruma, si kwa kejeli, na ndiyo maana liliuma. Hélène alikaa chini pale pale ukutani, kitenge kizuri na vyote. Alimchukia mzee, akamchukia Bwana Arthur na adabu zake, akamchukia Adèle. Ndiyo, na Adèle pia. Alimchukia dada yake kwa kuwa na miaka mingi kuliko yeye hata kaburini. Alilia bila kujifunika uso. Ndani ya ukumbi walikuwa wamekwisha kuita jina lingine.

Hakurudi kusema lolote. Angesema nini, kwa faida ya nani?

Kuhusu usawa wa malipo, ngoja nikueleze yaliyotokea, kusudi usibaki ukitumaini. Malalamiko ya wengine yalipokelewa, yakasifiwa, yakapelekwa Kinshasa kuchunguzwa, na yako huko hadi leo. Mshahara wa Franck ulibaki ulivyo, kwa sababu cheo ni cheo. Mshahara wa Sylvain ulibaki ulivyo, kwa sababu Sylvain ni Sylvain. Katika kazi yote ya tume ile, jambo moja tu lilitekelezwa haraka: mwezi uliofuata mshahara wa Adèle haukuja. Kuku wa maskini hatagi. Na akitaga haangui. Na akiangua, mwewe yuko juu ya paa anangoja.

Wenzake walichanga wakamfanyia karamu ya kumuaga, kwa bia ya Primus na soda na samaki, wakampa kitenge cha kumpongeza Chef de Bureau Adèle. Waliishi ndani ya jina lile wote pamoja miaka mingi, hawakujua jinsi ya kutoka humo kwa siku moja. Franck alimpigia magoti kidogo alipompa mkono. “Maman, unisamehe,” akasema. Hélène akamwambia hana kosa, na akamwambia kweli, na hiyo haikumpunguzia kitu.

Pensheni ilikuwa na njia yake. Faili liende Kinshasa, lingoje zamu nyuma ya wastaafu ambao wengine wamekufa wakiwa bado wanangoja. Patricia alimkataza hata kulifuatilia. “Bakianza kutafuta Adèle sawasawa, batampata,” alisema. Alikuwa sahihi, na safari hii hakuna aliyebishana naye.

Hélène alijaribu kupumzika kama alivyoamriwa. Alifua, alitwanga pondu, aliuza ndizi za makemba mbele ya nyumba, akala mengi kuliko aliyouza. Asubuhi mwili ulimwamsha saa ile ile na kutaka kwenda mtoni. Siku moja aliuachia uende. Akapanda toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, akateremkia karibu na ufuko, akasimama mbali akitazama Franck akibishana na mwenye mashua ya Isangi. Mwenye mashua akamwona, akampungia mkono na kupiga kelele, “Mama Adèle! Kuya utuhukumu!” Hélène aligeuka akarudi nyumbani kwa miguu.

Ndipo Papa Assumani akaja Mangobo, amevaa kanzu ya Ijumaa. Alikunywa maji, akauliza habari za mwili, akazungukazunguka, mwisho akafika alipokuwa anakwenda.

“Chaise, ile kiti, imebaki bure,” akasema. “Desturi munajua. Mutu akienda retraite, ni sawa amekufa, familia inaleta mwingine. Kwa desturi, ni mutoto wake.”

Akamtazama Patricia. Patricia akacheka kicheko kikavu.

“Tonton, iko na mushahara?”

“Bado. Itakuwa nouvelle unité, mutumishi mupya. Anatumika, anangoja matricule, namba yake ya Kinshasa. Siku matricule inakuya, batamulipa.”

“Miye niko na kazi moja ya bure. Ya pili nitaiweka wapi?”

Mzee akatikisa kichwa, akakubali. Halafu akawa anaitazama sakafu.

“Basi, kama mutoto anakataa, ni mudogo wa yule mutu. Adèle iko na mudogo wake. Nasikia anaitwa Hélène.”

Patricia alikuwa akimtazama mama yake mdogo, akimwomba kwa macho akatae. Na kila mwenye akili angekataa. Lakini akili ya kukataa inahitaji mahali pengine pa kwenda, na Hélène alikuwa na miaka hamsini na tano, na kitu kimoja tu alichojua kukifanya, na bado katika pembe fulani ya moyo wake alikuwa na ugonjwa ule ule wa kutaka kuhesabiwa. Safari hii kwa jina lake, alijiambia. Hata kuanzia chini. Kwa jina lake.

Alikwenda siku iliyofuata. Anayeandikisha wapya alikuwa Franck, kwa kuwa chef de bureau pale alibaki yeye peke yake. Alipomwona mlangoni alisimama, akafuta kiti kwa kiganja, akamkalisha. Sylvain na wengine wakajifanya wana kazi nyingi. Injini za mashua kule chini zilisikika zote.

“Jina?” Franck akauliza, bila kuinua macho.

“Hélène.”

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lile ndani ya ofisi ile. Alikuwa amedhani angefurahi kidogo. Alijisikia kama mgeni anayetaja jina kwa mlinzi getini.

Franck akaandika mwaka wa kuzaliwa, akaandika mtaa, akaandika kwamba ni mdogo wa Adèle aliyestaafu. Halafu kalamu ikasimama. Alisoma swali lililofuata kimoyomoyo, na masikio yake yakawaka. Akatazama upande wa Sylvain, akatazama mlango wa Papa Assumani uliokuwa umefungwa, mwisho akainama karibu na mama yule aliyemfundisha kazi.

“Maman, hapa banauliza kama umeisha kutumikia Leta. Miaka ngapi.” Akamgeuzia karatasi. “Niandike nini?”

Hélène alikuwa ameshikilia mkoba wake mapajani kwa mikono miwili.

“Andika hapana,” akasema. “Ata siku moja.”

Franck akaandika.